Samaki wa kijitoni kuwaleta kwenye tangi la nyumbani, sheria inasemaje? Maswali yenu na majibu

Toleo lililopita tuligusia kidogo matangi ya samaki wa asili, yaani sio wale wa dukani, ni wale wanaoishi kwenye mito na madimbwi ya pale pale mtu alipo, na tangu hapo meseji zenu hazijakatika. Karibu zote zinazunguka jambo moja, naruhusiwa au siruhusiwi. Nimechagua chache. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu mengine mengi yanaegemea hapo.

Habari kaka. Nina leseni ya kuvua kwa ndoana na bado haijaisha muda. Kwenye kijito ninakovua kuna visamaki vina mstari mweusi ubavuni, na madume msimu wa kuzaana tumbo linageuka jekundu, wazuri kweli kweli. Nikichota kama sita kwa wavu mdogo nikawaweka kwenye tangi langu la lita 80 kuna shida? Si leseni ninayo?

Leseni unayo ndio, ila ichukue uisome vizuri imekuruhusu nini. Leseni nyingi za ndoana zinamaanisha ndoana tu, hazikupi ruhusa ya chombo chochote utakachoshika. Wavu ni chombo kingine kwenye macho ya sheria, na mtego ni kingine tena. England kwa mfano leseni ya kuvua kwa fimbo ya ndoana inaishia kwenye fimbo, ukitaka kutumia wavu au mtego mtoni unaomba ruhusa tofauti kwa Environment Agency, yaani mamlaka ya mazingira ya huko, hata kama unachokitafuta hakizidi urefu wa kidole. Marekani kila jimbo lina kanuni zake, unakuta huku wavu wa mkono unakubalika kwa samaki wasiokuwa wa mchezo, yaani wale ambao wavuvi wa burudani hawawalengi, halafu ukivuka mpaka tu jimbo la pili mambo ni mengine kabisa, kwa hiyo ushauri wa mtu uliyemkuta kwenye intaneti anayeishi mbali na wewe unaweza kuwa wa kweli kwake na ukakuingiza wewe matatani.

Haya, tuseme chombo kimekubalika. Swali linalofuata ni kuondoka na samaki akiwa hai, na hapa ndo watu wengi wanapoteleza, maana wanafikiri kama ninaruhusiwa kumuua na kumla basi kumwacha hai ni jambo dogo zaidi. Kwa sheria sivyo. Samaki aliyekufa hawezi kutoroka wala kuzaliana kwenye maji mengine, na hatari ya yeye kueneza ugonjwa ni ndogo zaidi. Samaki hai anaweza yote hayo. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilitoa amri ya kuzuia kusafirisha samaki hai wa spishi kadhaa kutoka majimbo yanayozunguka Maziwa Makuu ya kule, sababu ilikuwa kirusi kinachoitwa VHS ambacho kinamvujisha samaki damu kwa ndani, na kirusi hakimuulizi mtu kama amebeba samaki wa biashara au wa tangi la sebuleni. Kwa hiyo unaweza kuwa na haki ya kuvua na usiwe na haki ya kubeba ndoo yenye samaki anayeogelea.

Kuna jambo lingine ambalo naliona halisemwi vya kutosha. Kanuni nyingi za uvuvi zimeandikwa zikimfikiria mtu anayekwenda kula samaki. Huyo anataka mkubwa, sheria inamwambia mdogo mwache akue azae. Sisi wa matangi tunataka mdogo! Yule anayeenea vizuri kwenye lita 80 mara nyingi, kama ni spishi inayokua, ndo yule yule ambaye kipimo cha chini kinakukataza kumtoa majini. Wewe visamaki vyako vinaelekea ni spishi ambayo hata wakubwa wake ni wadogo, hapo huenda hakuna kipimo, lakini hakikisha kwanza ni spishi gani na sio vifaranga vya samaki mkubwa.

Na idadi. Watu wanaangalia kikomo cha kuvua kwa siku wanasahau kuna kikomo cha kumiliki, yaani jumla ya samaki wa spishi hiyo ulionao kwa wakati mmoja. Mvuvi wa kula anakula leo kesho anaanza upya. Wewe samaki wako wako pale pale wanaogelea, kesho bado unao, mwezi ujao bado unao, na sehemu zenye kanuni hiyo walioko tangini wanaweza kuhesabiwa kila siku. Kikomo kikiwa sita na sita unao nyumbani, umeshajaa, wa saba ni kosa hata ukimvua miezi sita baadaye.

Mwisho angalia maji ni ya nani. Kijito kinachopita kwenye shamba la mtu unahitaji ruhusa ya mwenye shamba. Kikipita kwenye hifadhi, leseni ya kawaida mara nyingi haina nguvu humo. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi iliyoanzishwa mwaka 1980 haikuishia nchi kavu, imechukua na visiwa kadhaa pamoja na ukanda wa maji wa mita 100 kuvizunguka, makusudi kuwalinda mbuna, wale samaki wa miambani wenye rangi za kuvutia, na ukiwa umesimama majini hakuna mstari uliochorwa kukuonyesha ukanda unaanzia wapi.

Cha kufanya ni hiki, waandikie idara ya uvuvi ya eneo lako, usipige simu tu. Andika kwa kifupi kama hivi: "Nataka kuchukua samaki sita wa spishi fulani, kwa wavu wa mkono, kwenye kijito fulani karibu na daraja fulani, niwafuge nyumbani, sitawauza na sitawarudisha majini. Nahitaji kibali gani?" Ambatanisha na picha ya samaki. Jibu likija lihifadhi kwenye simu na nakala nyingine ya karatasi kaa nayo, maana askari akikukuta na ndoo kando ya mto "niliambiwa na mtu wa ofisini" haitakufikisha mbali.

Kaka mbona mnatutisha, meli zinavua matani kwa matani na viwanda vinamwaga uchafu mtoni halafu mimi na samaki wangu watano ndo tatizo?

Dada, nusu ya unayosema ni kweli na sitakupinga. Mabwawa, uchafuzi, kukausha ardhi oevu na uvuvi wa kupindukia vimemaliza samaki wengi kuliko sisi wote wenye matangi tukijumlishwa. Ila angalia sisi tunachokipenda ni kipi. Hatutafuti samaki aliyejaa kila mahali, tunamtafuta mwenye rangi, yule wa pekee, anayepatikana kwenye dimbwi moja tu, na huyo mara nyingi ndo mwenye idadi ndogo.

Nevada, Marekani, kuna shimo la maji moto linaitwa Devils Hole, na kuna samaki mdogo anayeishi kiasili humo tu, dunia nzima hana mto mwingine wala dimbwi lingine. Hesabu ya mwaka 2013 ilipata samaki 35. Thelathini na tano, ndo spishi nzima kwenye makazi yake. Mwaka 2016 watu watatu waliruka uzio usiku wakiwa wamelewa, mmoja akaingia majini kuogelea, samaki mmoja akaonekana amekufa, na huyo aliyeogelea alihukumiwa kifungo. Hakwenda hata kuvua. Sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini ya mwaka 1973 inahesabu kumsumbua kiumbe aliyelindwa, kumdhuru au kumkamata kuwa kosa, hata kama hukuondoka naye.

Na kuna mfano ambapo biashara ya matangi yenyewe ndo ilileta madhara. Samaki mmoja wa baharini wa visiwa vya Banggai, Indonesia, ana milia myeusi na madoa meupe, pengine umeshamuona kwenye picha. Dume anabeba mayai mdomoni, na watoto wakitotolewa anaendelea kuwabeba siku kadhaa, wakitoka wanabaki hapo hapo karibu na walipozaliwa. Samaki wengi wa baharini watoto wao wanachukuliwa na mkondo wanakwenda kujaza sehemu nyingine, huyu hana hicho kitu, kwa hiyo mwamba ukivuliwa ukaisha hakuna watakaokuja kutoka mbali kuujaza upya. Walivuliwa kwa wingi kwa ajili ya akwariamu mpaka mwaka 2007 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ikawaorodhesha kuwa hatarini kutoweka.

Watano kutoka kijito chenye maelfu hawana madhara, nakubali. Watano kutoka dimbwi lenye ishirini ni robo ya wote, na ukichagua madume yenye rangi peke yake umeharibu zaidi ya robo. Ukiona idadi ni ndogo acha, hata kama karatasi inakuruhusu.

Nitajuaje ni spishi gani bila kumtoa majini? Vitabu vinaonyesha wakubwa tu na mimi ninaokutana nao ni wadogo wote wanafanana.

Kwanza omba orodha ya spishi zinazolindwa kwenye mto huo uijue kabla hujashika wavu, maana kama kuna hata mmoja aliyelindwa anayefanana na unayemtaka, mimi ningehama mto. Baada ya hapo, kama kukamata na kuachia hapo hapo kunaruhusiwa kwenu, tumia chombo chembamba cha plastiki angavu, jaza maji ya mto wenyewe, samaki mmoja aingie kwa wakati mmoja, piga picha kwa ubavu, halafu mwachie pale pale ulipomtoa. Lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unamtoa ule ute unaomkinga na magonjwa. Rangi isikudanganye, inabadilika na msimu, na hofu, na hata maji aliyopo. Angalia mdomo umeelekea juu au chini, ana sharubu au hana na ngapi, pezi la mgongoni liko moja au mawili na limeanzia mbele au nyuma ya yale ya tumboni, mkia umegawanyika au ni wa duara. Hivyo havibadiliki akiogopa. Wa urefu wa sentimita moja au mbili achana nao kabisa, kwa spishi nyingi hata wataalamu wanahitaji darubini.

Mwanangu, mimi ni mzee mstaafu, nimewafuga hawa samaki wangu wa mtoni muda mrefu sana na wamekuwa wakubwa, tangi halitoshi tena. Kwa kuwa ni wa mto ule ule nadhani nikiwarudisha nitakuwa nimefanya jambo jema, au unasemaje?

Shikamoo mzee wangu. Nia yako ni njema na inaonekana, lakini naomba usiwarudishe. Najua inasikika kinyume, samaki wa mto arudi mtoni, kosa liko wapi. Kosa liko kwenye kile atakachorudi nacho. Tangini amekaa na maji mengine, pengine na samaki wa dukani au mimea iliyonunuliwa au konokono, amekula vyakula vilivyogandishwa kutoka mbali, na anaweza kuwa amebeba bakteria, virusi au minyoo ambayo yeye ameizoea na haimuumizi. Wenzake mtoni hawajawahi kukutana nayo. Ndo maana sehemu nyingi sheria inasema ukishamtoa samaki ukamfikisha nyumbani basi huyo hana ruhusa tena ya kurudi, na kumwachia kunahitaji kibali sawasawa na mtu anayepanda samaki wageni.

Kuna na suala la mahali hasa. Ziwa Malawi hilo hilo nililolitaja juu, miongo kadhaa iliyopita wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walihamisha mbuna kutoka pande nyingine za ziwa wakawaachia kwenye kisiwa cha Thumbi West. Ziwa ni moja, nchi ni moja, ungesema ni wenyeji. Lakini mbuna wanashikilia miamba yao kiasi kwamba kila kisiwa kinaweza kuwa na aina yake, na wale waliohamishwa walikaa wakazaana, wengine wakachanganyika na wa pale wakatoka chotara. Hakuna namna ya kuwatenganisha tena. Upande wa bahari ndo zaidi, samaki simba, yule wa mapezi marefu ya milia na miiba ya sumu, kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana Florida mwaka 1985, inaaminika alitokea kwenye matangi ya watu, na leo ametapakaa Karibea yote anakula samaki wadogo wa matumbawe ambao hawakuwahi kumjua.

Mzee, anza kwa kutafuta mtu mwenye tangi kubwa au bwawa lisilounganika na mto, anayeruhusiwa kuwa na spishi hiyo, na umpe maandishi mafupi yanayoonyesha samaki wametoka wapi na kwa kibali gani. Ikishindikana waulize idara ya uvuvi, au shule na vyuo vinavyofundisha viumbe vya majini. Ikishindikana yote kabisa na ikabidi kuwaondoa, njia isiyo na mateso ambayo watu wengi wanaimudu nyumbani ni mafuta ya karafuu, unayatikisa kwanza kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu mpaka yawe kama maziwa, unaacha yafikie joto la tangi, halafu unaongeza taratibu kwenye chombo alicho samaki mpaka alale, kisha unaongeza zaidi na kumwacha humo angalau dakika 10 baada ya mashavu kuacha kabisa kupumua. Ukiweza kumpata daktari wa mifugo akusimamie ni vizuri zaidi. Usiwatupe chooni wakiwa hai, wala usiwaweke friza.

Nilipata kibali, nikavua vizuri, samaki wakafika hai, siku ya pili wakafa karibu wote. Nimekosea wapi?

Hujasema ulivyowamimina ila nitakisia, mfuko ulifungwa saa nyingi. Ndani ya mfuko samaki anatoa amonia na pia anatoa kaboni dayoksaidi. Hiyo kaboni inashusha pH, yaani maji yanazidi kuwa na asidi, na pH ikiwa chini amonia inakuwa kwenye umbo lisilo kali sana. Ukifungua mfuko kaboni inatoka haraka, pH inapanda, na ile amonia iliyokuwa imetulia inageuka sumu kali, samaki anaungua mashavu wakati wewe umekaa unamzoesha taratibu ukidhani unamsaidia. Safari ikiwa ndefu sawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, ukishafungua usikawie, mhamishe kwa wavu na yale maji ya mfuko usiyaingize tangini. Na usiyamwage kwenye mtaro unaoelekea mtoni pia. Mfuko weka maji theluthi moja, zinazobaki ziwe hewa. Na tangi liwe limeshakomaa, ule mzunguko wa bakteria wa kuondoa amonia unachukua kama wiki 4 mpaka 6 kwa kawaida, ukivua kwanza ndo ununue filta umeshachelewa. Wakae peke yao kwenye tangi la karantini angalau wiki 4 kabla ya kuchanganya na wengine. Kibali chako kikiwa cha samaki sita na watano wamekufa usirudi kuchukua wengine mpaka uulize, sehemu nyingine waliokufa bado wanahesabika.

Mimi sichukui samaki, nachukua udongo wa dimbwi lililokauka wenye mayai ya Nothobranchius nakuja kuutia maji. Hiyo nayo ni kuvua? Na watoto naweza kuuza?

Samaki hawa wa mashariki na kusini mwa Afrika ni wa ajabu kweli, dimbwi linakauka wazazi wanakufa wote na mayai yanabaki hai kwenye udongo yakisubiri mvua. Lakini yai la samaki kwa sheria nyingi ni samaki. Na fikiria, dimbwi likishakauka kile udongo unachokishika ndo idadi yote iliyobaki, hakuna mzazi aliyesalia wa kutaga tena. Unahitaji kibali hicho hicho, na ukivuka na udongo huo mpaka wa nchi unahitaji na karatasi za kutoa na za kuingiza, udongo wenyewe nchi nyingi hauingii kabisa bila ukaguzi.

Kuuza ni habari nyingine. Kibali cha kufuga mwenyewe mara nyingi kinakufa pale unapopokea pesa, hata kwa watoto waliozaliwa tangini kwako. Spishi zilizo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa mfano farasi wa baharini wote tangu mwaka 2004, kuwavusha mpaka kunataka kibali hata kama umewazalisha mwenyewe. Na Marekani sheria ya Lacey ya mwaka 1900, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, inamfuata samaki mpaka alikotoka, akivuliwa kinyume cha sheria ya nchi nyingine anabaki haramu hata akiwa ameshafika kwa mnunuzi wa tatu. Weka daftari, tarehe, mahali, namba ya kibali, wazazi ni akina nani.

Binti yangu ana miaka 9 anataka kuchota na wavu wake wa kuchezea. Mtoto naye anahitaji leseni?

Leseni mara nyingi hapana, England kwa mfano walio chini ya miaka 13 hawahitaji ya fimbo. Lakini kusamehewa leseni sio kusamehewa kanuni nyingine, spishi zilizolindwa, msimu uliofungwa, hifadhi, kubeba samaki hai, vyote vinamhusu na wa kuulizwa ni wewe mzazi. Mkirudi nyumbani suuzeni wavu na viatu, vianikeni juani mpaka vikauke kabisa kabla ya kwenda mto mwingine, kwenye unyevu mdogo tu wa kwenye nyuzi za wavu mayai ya konokono na vimelea vinasafiri.